Zilizala Haiulizi Wastani

Imekuwa ada katika mabaraza ya Voi na Wundanyi, na hata katika maofisi yanayopanga mambo ya raia, kwamba yanapotajwa matetemeko ya ardhi hutokea mtu mwenye heshima zake akasema kuwa jambo hilo si la kaunti hii. Hoja yake, ambayo aghalabu ameipokea kwa wengine pasi na kuipima, ni kwamba Taita Taveta ni nchi pana yenye watu haba. Kwamba sehemu kubwa ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, ambako wakaazi ni ndovu na nyati. Na kwamba zilizala, lau itatokea, itaitikisa nyika kabla ya kumtikisa binadamu. Rai hii husemwa kwa utulivu, huitikiwa kwa vichwa, na hutiwa nguvu kwa tarakimu. Nami nakusudia kuonyesha kwamba tarakimu hizo ni za kweli na rai iliyojengwa juu yake ni batili, kwa sababu mwenye kuitoa amejibu swali ambalo hakuulizwa: ameulizwa ni watu wangapi watakaokuwa juu ya ardhi inayotetemeka, naye ametaja ni watu wangapi ambao kila kilomita ya mraba ingewapata lau wote wangalitawanywa sawasawa.

Na tuanze na tarakimu zenyewe, asije mtu akadhani kuwa tunazikimbia. Sensa iliyofanywa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 iliwakuta katika kaunti hii watu 340,671, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 17,084. Gawanya hiyo ya kwanza kwa ya pili, utapata watu 20 kwa kilomita moja ya mraba, na hapo ndipo mwenye rai anapofunga daftari lake akaridhika. Lakini ni yeye mwenyewe aliyetuambia kuwa mbuga zimechukua sehemu kubwa ya ardhi, na kadirio linalotajwa siku zote ni asilimia 62. Basi na tuiondoe ardhi hiyo katika hesabu, maadamu hapana kijiji ndani yake, na papo hapo wale watu 20 wanakuwa 52. Hakuzaliwa mtu wala hakuhamia mtu. Tumeacha tu kuwahesabia ndovu fungu la watu. Na hiyo 52 nayo si ya kutegemewa, kwani katika ardhi iliyobaki mna mashamba ya mkonge yanayokwenda mpaka macho yakachoka, mna ranchi za ng'ombe, na mna nyika kavu ambayo hapana aliyepata kujenga ndani yake. Wastani wa namna hii ni mfano wa mpishi aliyeimwaga chumvi yote upande mmoja wa sufuria, kisha akawahakikishia wageni wake kuwa chumvi imetosha.

Tazama mambo yalivyo hasa. Sensa ile ile iliwapata watu 111,831 katika Voi, 91,222 katika Taveta, 81,659 katika Mwatate, na 55,959 katika ile iitwayo Taita, ambayo makao yake ni Wundanyi. Hawa wa Voi hawakutapakaa nchini. Wengi wao wamejipanga juu ya mstari mmoja, nao ni ule uliochorwa na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ukafuatwa na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ukafuatwa tena na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Wa Taveta wamekusanyika penye maji na migomba, karibu na mpaka. Wa milimani, katika Dawida na Sagalla na Kasigau, wamejenga juu ya migongo na mabega ya milima, nyumba juu ya nyumba, shamba chini ya shamba, huku kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, kikiwatazama. Ukichora duara la kilomita 10 ukaliweka katikati ya Tsavo Mashariki, utawakuta ndani yake askari wa wanyama na watalii kambini; ukilichukua duara lilo hilo ukaliweka juu ya Mwatate na Wundanyi, utawakuta ndani yake makumi ya maelfu ya watu. Kaunti ni moja, wastani ni mmoja, na tetemeko laweza kuwa la nguvu ile ile. Lakini hesabu ya waliotikiswa imepishana kwa umbali ambao hapana wastani uwezao kuufidia.

Hapo mwenye rai hugeuka akashika hoja ya pili, akasema: na wawe watu wengi au wachache, zilizala zenyewe ziko wapi? Nitamjibu kwa insafu, kwa kuwa sitaki kumtia mtu hofu isiyo na asili. Ni kweli kwamba mawe ya Taita ni ya kale mno, na kwamba mahali pa matetemeko makubwa ya Afrika Mashariki ni Bonde la Ufa. Huko ndiko ilikotokea ile ya Rukwa ya tarehe 13 Disemba 1910, iliyofikia ukubwa wa 7.4, na huko ndiko ilikotokea ile ya Subukia ya tarehe 6 Januari 1928, yenye ukubwa wa 6.9, iliyoipasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30, nayo ndiyo kubwa kupita zote zilizopimwa ndani ya Kenya. Lakini kuwa mbali na mlango si kuwa nje ya nyumba. Mwezi wa Julai 2007 ardhi ilipochafuka karibu na Oldoinyo Lengai, upande wa Tanzania, watu wa Nairobi walizikimbia ofisi za maghorofani. Tarehe 24 Machi 2019, siku ya Jumapili, ukapita mtikisiko wa ukubwa wa karibu 5 kusini mashariki mwa Kenya. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 bahari ya kusini mwa Dar es Salaam ilitoa tetemeko la ukubwa wa karibu 6, likasikika mpaka Mombasa na mpaka Nairobi, masafa ya zaidi ya kilomita 600. Fauka ya hayo, mwenye kusema kuwa moto wa ardhini hauijui nchi hii na aende Tsavo Magharibi akayatazame majabali meusi ya Shetani yaliyotiririka kutoka upande wa milima ya Chyulu, ambayo kwa umri wa ardhi ni ya jana, kisha apite Taveta akalitazame ziwa Chala, ambalo limekaa ndani ya kinywa cha volkano.

Hata hivyo sibishani naye juu ya lini itakuja wala juu ya nguvu itakayokuja nayo; ilmu hiyo hapana aliyenayo. Ninabishana naye juu ya jambo lililo katika uwezo wetu, nalo ni kujua ni nani na wangapi watakaokuwa juu ya ardhi hiyo, na wamekaa katika hali gani. Watu hupenda kuutaja mfano wa Subukia kuwa ni burhani ya kwamba nchi yenye watu wachache haina la kuogopa, kwa sababu tetemeko kubwa namna ile halikuacha msiba wa kulingana na ukubwa wake. Ni kweli, lakini huo ni mwaka 1928, na nchi ile ilikuwa na watu wa mwaka 1928 wenye nyumba za mwaka 1928. Kaunti ya Nakuru, ambamo Subukia imo, ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019. Ufa ungali pale pale. Watu ndio waliokuja. Na mji wa Voi nao, ambao wazee wetu waliujua kuwa ni stesheni na maduka machache, si mji ule tena.

Inafaa sasa tuifahamu kazi hii ya kukadiria inavyofanywa na wenye kuifanya, kwani wapo wanaoitegemea bila ya kuijua, na hao nao nina neno nao. Tangu mwaka 2007 idara ya jiolojia ya Marekani inaendesha mfumo uitwao PAGER, ambao kila linapotokea tetemeko kubwa popote duniani hutoa, katika muda wa nusu saa hivi, kadirio la watu waliotikiswa. Kwanza hutafutwa mahali lilipotokea, kina chake na ukubwa wake. Pili huchorwa ramani ya mtikisiko, kwa kuwa ukubwa wa tetemeko ni mmoja tu, ilhali mtikisiko ni mwingi na hupungua kwa umbali na kwa aina ya ardhi. Nao hupimwa kwa kipimo cha Mercalli chenye daraja 12, ambacho katika daraja zake za chini mtu huhisi kama lori limepita, na katika daraja la nane kuta dhaifu huanguka. Tatu, ramani hiyo hulazwa juu ya ramani nyingine ya watu, iliyokatwa vipande vya upana wa kilomita moja hivi, kisha hujumlishwa: katika daraja la tano watu kadha, katika la sita watu kadha, katika la saba watu kadha. Ni kazi ya busara, nayo huwaamsha wenye misaada mapema. Siilaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni wale wa kwetu wanaodhani kuwa, madhali Marekani inatuhesabu, sisi hatuna haja ya kujihesabu.

Kwani ile ramani ya watu haikushuka kutoka mbinguni. Imetengenezwa kwa sensa zetu wenyewe, zikagawanywa vipande vipande kwa kutazama barabara, mwinuko, taa za usiku na mapaa yanayoonekana kwa setilaiti. Na ile inayotumika zaidi, iitwayo LandScan, inayotolewa na maabara ya Oak Ridge, inaonyesha wastani wa watu katika saa zote 24 za siku. Fikiri jambo hili, msomaji, kwa makini. Si ramani ya mchana, ambapo mkulima yumo shambani na mwanafunzi yumo darasani. Wala si ramani ya usiku, ambapo wote wamelala chini ya dari. Ni ramani ya saa ambayo haimo katika siku. Kwa dunia nzima, na kwa ajili ya onyo la dakika za mwanzo, hilo laweza kusameheka. Kwa Voi halisameheki.

Njoo Maungu saa nne za usiku. Malori yamejipanga kandokando ya barabara, moja nyuma ya jingine, yenye makontena ya Kampala na Kigali na Juba. Dereva amelala kichwani mwa gari, utingo amepata chumba katika mojawapo ya zile nyumba ndefu za kulala wageni zilizojengwa kwa haraka nyuma ya mikahawa, mlango unatazama ua, ukuta wa bloku moja, na juu mabati yaliyowekewa mawe yasipeperushwe na upepo. Watu hawa hakuna kijiji cha Taita kinachowadai. Kesho asubuhi watakuwa wameondoka, na usiku utakaofuata watakuja wengine wa idadi ile ile kulala katika vyumba vile vile, hata inakuwa Maungu na Voi na Mtito Andei zina mtaa wa kudumu ambao wakaazi wake hubadilika kila siku. Katika wastani wa saa 24 nusu yao wamepotea, na katika daftari la chifu hawamo kabisa. Kinyume chake ni Taveta siku ya Jumatano na Jumamosi, ambapo soko huwavuta watu kutoka pande zote mbili za mpaka. Mwenye kuhesabu Taveta kwa mapaa ya nyumba atakuwa amehesabu mji mwingine, usiokuwa ule wa adhuhuri ya siku ya soko.

Na sensa yenyewe, ambayo ndiyo msingi wa kila ramani, ilifanywa katika likizo ya Agosti, kwa hikima, ili wanafunzi wakutwe majumbani kwao. Hikima hiyo, kwa kazi yetu hii, imegeuka kuwa pazia. Mabweni ya shule za sekondari yalikuwa matupu usiku ule, na watoto waliandikwa kwa wazazi wao. Lakini katika muda mrefu zaidi wa mwaka watoto hao wamelala mamia kwa mamia chini ya paa moja, vitanda viwili viwili vimepandana, na mlango aghalabu ni mmoja, na huo nao umefungwa kwa kufuli ili wasitoroke. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoipiga Bukoba, shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa. Ilikuwa siku ya Jumamosi, saa tisa na nusu hivi za mchana, watu wakiwa nje na katika shughuli zao, na waliofariki katika mkoa mzima hawakufika 30. Ilhali ile ya Toro, nchini Uganda, ya tarehe 20 Machi 1966, ambayo kwa hakika ilikuwa na nguvu zaidi, ilikuja kabla ya mapambazuko, watu wangali wamelala, ikaua zaidi ya 150. Sisemi kuwa saa peke yake ndiyo iliyoleta farki hiyo. Nasema kwamba mwenye kukadiria bila ya saa ameiacha nje sehemu ya kadirio ambayo roho za watu zimeegemea.

Kuna jingine ambalo wenye wastani hawaligusi kabisa, nalo ni ukuta. Mtu hauawi na tetemeko akiwa amesimama shambani. Huuawa na kile alichokijenga au alichojengewa. Nenda katika mojawapo ya vijiji vya juu ya Mwatate, usimame mbele ya nyumba mpya ambayo mwenyewe anaionea fahari, na haki yake, kwani ameijenga kwa jasho lake. Matofali ni ya kuchoma, yamefyatuliwa pale pale penye udongo mwekundu. Lakini saruji ni ghali, basi kati ya tofali na tofali mmetiwa udongo, na saruji imepakwa kwa nje tu. Ukitia ukucha ndani ya chumba, katika mshono kati ya tofali mbili, unga unamwagika. Juu ya madirisha hapana mkanda wa zege wenye chuma, pana ubao. Pembeni, ukuta wa mbele na ukuta wa ubavuni hazikufumana, zimegusana. Na karibu yake limesimama jiko la bibi, la fito na udongo, ambalo kila mtu analihesabu kuwa ni umaskini uliosalia. Ardhi ikitikisika sana, fito hunepa, udongo ukabanduka, na bibi akatoka akiwa mzima. Lakini ile nyumba ya fahari, iliyo nzito na isiyoshikana, ndiyo itakayowaangukia waliomo. Kuta za namna hiyo ndizo zilizoanguka Bukoba. Katika daftari la mapaa nyumba hizi mbili ni sawa, na lau zina tofauti, basi ile ya tofali ndiyo inayoandikwa kuwa ni ya kudumu.

Kenya iliandika kanuni za kujenga kwa kuzingatia zilizala tangu mwaka 1973, ikaigawa nchi katika kanda za nguvu ya mtikisiko. Ni kanuni njema kwa mhandisi wa ghorofa. Kwa fundi wa kijijini, ambaye hajapata kuziona wala kuzisikia, na ambaye ndiye aliyejenga nyumba nyingi tunazozizungumzia, ni kama hazikuandikwa.

Halafu kuna ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo. Mlima wa Dawida umekatwa ngazi ngazi kwa ajili ya viwanja, na mwenye kukata huitoa ardhi upande wa juu akaijaza upande wa chini, kisha akajenga nusu juu ya jabali na nusu juu ya kifusi. Watu wa huku wanajua kuporomoka kwa ardhi, kwani mvua za masika zimewafundisha. Basi na waulizwe: ikiwa mvua peke yake huibomoa barabara ya kupanda Wundanyi, je, mtikisiko utakaokuja mwezi wa Aprili, mlima ukiwa umelowa, utafanya nini? Na nani amemhesabu mchimbaji? Tangu ile johari ya kijani iitwayo tsavorite ilipogunduliwa katika nchi hii mwaka 1971, watu wameingia ardhini pande za Kasigau na Mwatate kwa nyundo na tindo, wengi wao katika mashimo membamba yanayoshikiliwa kwa magogo, na saa za mchana, ambapo wataalamu husema kuwa watu wako nje na salama, hao ndiyo kwanza wako chini. Setilaiti haiwaoni. Mwenye wastani hawakumbuki. Mke wa mchimbaji, aliye nyumbani Mwatate, ndiye pekee ajuaye kuwa mumewe leo yumo shimoni.

Nisiache kutaja mpaka, maana hapo pana kosa la ajabu. Wapangao mambo ya kaunti huhesabu watu wa kaunti, kana kwamba mtikisiko ukifika Holili utaonyesha pasi ukarudishwa. Tetemeko likitokea karibu na Taveta, watakaotikiswa kwa wingi si Wakenya: ng'ambo ya pili umekaa mkoa wa Kilimanjaro, ambao sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.8, na miteremko ya Rombo, iliyojaa migomba na nyumba, inatazamana na Taveta uso kwa uso. Majeruhi wa upande huu wataletwa kwa barabara inayotumiwa na majeruhi wa upande ule. Na soko ni lile lile, na aila ni zile zile, zenye mashangazi Himo na wajukuu Taveta. Kadirio lisilovuka mpaka si kadirio la tetemeko. Ni kadirio la bajeti. Na upande wa mashariki vile vile, maji ya chemchemi ya Mzima, yaliyovutwa kwa bomba tangu miaka ya 1950, yanapita katika kaunti hii yakienda Mombasa, mji uliokuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Bomba likikatika hapa, watakaofungua mfereji wakakosa maji ni watu ambao huenda kitanda chao hakikutikisika hata kidogo. Hao sitaki kuwachanganya na waliotikiswa, kwa kuwa kuchanganya hesabu ni taksiri nyingine. Wapewe safu yao wenyewe, lakini wapewe.

Naisikia hoja ya mwisho, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inatoka moyoni. Inasema: nchi hii ina ukame, ina ndovu wanaoingia mashambani usiku wakala mahindi na kuua watu, ina maskini wasiokuwa na maji, leo mnataka fedha ziende kuhesabu wahanga wa jambo ambalo huenda lisitokee katika maisha yetu? Najibu kwamba lau ningaliomba mitambo, ningalistahili kukaripiwa. Lakini hesabu ninayoitaka si ya mitambo. Chifu na naibu wake wanazijua nyumba za kata yao. Mwalimu mkuu anaijua idadi ya waliolala bwenini jana. Mwenye nyumba ya wageni ana daftari la mlangoni. Wachimbaji wana viongozi wao. Na Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichomo humu humu, kina skuli ya migodi na uhandisi ambayo wanafunzi wake wangeweza kuyaandika mashimo yote ya kaunti na hali ya magogo yake, wakapata na shahada zao kwa kazi hiyo. Tena daftari hilo halitakaa likingoja zilizala peke yake. Aliyeandika ni nyumba zipi zimejengwa juu ya kifusi amewaandika wale watakaohamishwa mvua ikizidi. Aliyeandika ni vyumba vingapi vina mlango mmoja amewaandika wale watakaonaswa moto ukiwaka. Na aliyeandika ni kina nani walio mbali na barabara amewaandika wale ambao unga wa ukame huwafikia mwisho. Mwenye kumpenda maskini kwa dhati hawezi kuchukia kuhesabiwa kwake.

Wako pia watakaosema kuwa hesabu ya namna hii haitakuwa na yakini, kwani wageni huja na kuondoka, na nyumba hujengwa kila siku. Kweli, haitakuwa na yakini. Lakini kadirio halidai yakini. Linadai kusema mpaka wake wa chini na mpaka wake wa juu, usiku na mchana, siku ya soko na siku isiyo ya soko, wakati wa masomo na wakati wa likizo. Akisema mtu kwamba mtikisiko wa daraja la saba katikati ya Mwatate utawakuta watu kati ya idadi hii na idadi ile ndani ya kuta zisizoshikana, na kwamba tofauti kati ya idadi hizo inatokana na saa na msimu, atakuwa amempa mganga mkuu wa hospitali ya rufaa ya Moi, hapa Voi, kitu cha kupangia vitanda na damu na magari. Akimwambia kuwa ni watu 20 kwa kilomita ya mraba, mganga hana la kupanga.

Sensa nyingine, ikifuata kaida ya kila miaka kumi, itakuja mwaka 2029. Sensa ya 2019 iliuliza ukuta umejengwa kwa nini, na paa, na sakafu, na majibu hayo yapo, yanangoja mtu wa kuyalaza juu ya ramani ya milima yetu. Hilo laweza kuanza kesho, bila ya kungoja sheria wala fedha mpya. Kwa sensa ijayo nataka yaongezwe mambo mawili tu katika ule mlango wa nyumba: kati ya tofali na tofali mna saruji au mna udongo, na je, wako watu wa nyumba hii ambao usiku wa kawaida hulala kwingine, bwenini, kambini, shimoni au barabarani. Wawakilishi wa kaunti hii na wayapeleke maombi hayo kwa idara ya takwimu ya taifa mapema, kwani maswali ya sensa hufungwa muda mrefu kabla ya karani kubisha hodi, na yule mtoto atakayekuwa bwenini Wundanyi mwaka huo ameshazaliwa.